Shahada ya Muuguzi: Njia Itangulie Amri

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita sikuwa nyumbani. Nilikuwa Maisaka, mjini Babati, kwa shangazi yangu, ambaye tangu ahamie huko hachoki kunikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba nauli ya basi kutoka Arusha haimshindi mtu anayepokea mshahara kila mwezi. Asubuhi tulikuwa tumekaa uani, shangazi akichambua maharage nami nikijipasha joto kwa kikombe cha chai, maana baridi ya chini ya Mlima Kwaraa haina mzaha, alipopita jirani yake akitoka zamu ya usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumekuchaje huko?"

"Salama, mama. Tumepokea watoto watatu, wote wazima, na mama zao wazima."

Shangazi akamvuta kwenye kigoda na kummiminia chai. Mtaani mama huyu huitwa Nesi, nami nitamwita hivyo hivyo, kwani hakuniomba nimtangaze. Ana umri wa miaka 42, ana stashahada ya uuguzi, na amekuwa kazini miaka 18. Wajukuu wawili wa shangazi walipokelewa na mikono yake. Mumewe ni fundi seremala. Wana watoto watatu, na binti yao mkubwa yuko kidato cha sita.

Chai ilipofika nusu, Nesi akatoa mkobani karatasi nne zilizobanwa pamoja. "Shangazi yako amenieleza kwamba wewe ni mwandishi," akaniambia. "Hebu nisomee na hizi, kisha uniambie kama nimezielewa vibaya."

Ilikuwa rasimu ya sera ya ajira ya hospitali anakofanya kazi, hospitali ya binafsi ambayo jina lake tutaliacha. Ilisema kwamba katika muda wa miaka mitatu kila muuguzi wa hospitali hiyo awe na shahada. Asiyefikia sharti hilo "atafikiriwa upya". Wauguzi walitakiwa kutoa maoni kabla ya mwisho wa mwezi, na wenzake walikuwa wamemchagua Nesi awasemee.

Alikuwa hakuielewa vibaya hata kidogo.

Naleta jambo hili katika ukurasa huu wa familia kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna nyumba isiyowahi kumkabidhi muuguzi mtu wake usiku. Pili, sera ya namna hii ikishapitishwa ofisini hukaa mezani nyumbani, kati ya ada za watoto na unga wa kesho.

Kabla hatujaendelea, yafaa tuelewane kuhusu ngazi zenyewe, kwa kuwa wengi wetu humwita kila mwenye sare nyeupe "nesi" na mambo yakaishia hapo. Katika utumishi wa umma mwenye astashahada huajiriwa kwa cheo cha Muuguzi. Mwenye stashahada, kama jirani yetu, ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Na mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Wote watatu, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na hakuna aruhusiwaye kumgusa mgonjwa bila leseni yake. Shahada ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1988, na kwa kijana anayetoka shuleni ni masomo ya miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini chini ya uangalizi.

Kwa hiyo, kwa muda mrefu, mzigo wa wodi za nchi hii ulibebwa na watu ambao shahada ilikuwa haijafika walipo. Katika nchi hii ya Manyara, Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na chuo chake cha uuguzi mwaka 1984. Dareda nako kuna hospitali na chuo cha uuguzi. Kizazi kizima cha mama wa Mbulu, Hanang na Babati kilijifungua mikononi mwa wauguzi wa astashahada na stashahada. Asemaye leo kwamba hao hawakuwa wauguzi kamili anamtukana mkunga aliyemleta duniani.

Hata hivyo, haki itendeke kwa pande zote. Hospitali inayotaka wauguzi wenye shahada haikurukwa na akili. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa hospitali za jimbo la Pennsylvania. Waliona kwamba palipokuwa na wauguzi wengi zaidi wenye shahada, wagonjwa waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi mkubwa zaidi wa hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, ukihusu wagonjwa zaidi ya 420,000. Ulionyesha kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa 10 katika kila 100, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulipungua kwa kadiri ya asilimia 7.

Nilimsomea Nesi habari hizo. Nilidhani atazikataa. Badala yake alinyamaza kidogo, kisha akanihadithia usiku mmoja wa miezi iliyopita.

Walikuwa zamu yeye na binti mmoja mwenye shahada, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama na amelala. Damu haikuonekana kuwa nyingi, na Nesi alikuwa ameshageukia kitanda kingine. Yule binti akasimama na chati mkononi. "Dada, mapigo ya moyo yamepanda mara tatu mfululizo. Kila tulipopima yamepanda." Wakafunua shuka, wakashika tumbo: mji wa mimba ulikuwa umelegea, na damu ilikuwa ikijikusanya ndani. Binti akamwita daktari na kumtajia tarakimu zote bila kubabaika. Lakini mikono yake ilitetemeka, na mshipa haukupatikana. Nesi ndiye aliyeupata kwa jaribio la kwanza, akatundika maji, akaukanda mji wa mimba mpaka ukakaza, huku akizungumza na yule mama kwa sauti ya kumtuliza. Dawa ikaingia. Asubuhi mama huyo alimnyonyesha mwanawe.

"Peke yangu ningechelewa," Nesi akasema. "Na yeye peke yake angechelewa. Sasa karatasi hii inataka tubaki na mmoja wetu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo kiini cha neno langu la leo kilipo. Elimu ya juu ya muuguzi ni jambo jema, na hospitali inayo haki ya kuitaka. Lakini anayeitaka hana budi kujenga njia ya kuifikia kabla ya kutoa amri. Akitoa amri kwanza, atawafukuza wenye mikono kabla hajapata wenye chati, na katikati yao atakuwa amelala mgonjwa.

Tena uchunguzi ule wa Ulaya una nusu ya pili ambayo waandishi wa sera hupenda kuisahau. Ulionyesha vilevile kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kumhudumia, uwezekano wa wagonjwa kufa ulipanda kwa kadiri hiyo hiyo ya asilimia 7. Hospitali ambamo wauguzi 60 katika 100 walikuwa na shahada, na kila mmoja akawa na wagonjwa 6, ilikadiriwa kuwa na vifo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ile yenye wauguzi 30 katika 100 na wagonjwa 8 kwa kila mmoja. Elimu na idadi huenda pamoja. Hospitali itakayowapoteza wauguzi watano wa stashahada na kumwajiri mmoja wa shahada itakuwa imeongeza kwa mkono wa kulia na kupunguza kwa mkono wa kushoto.

Wenzetu waliotangulia walifanyaje? Huko Uingereza, katika England, tangu mwaka 2013 kila anayeanza mafunzo ya uuguzi husomea shahada. Lakini waliokwisha kusajiliwa kwa stashahada waliendelea na kazi zao. Katika jimbo la New York huko Marekani, sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 iliwapa wauguzi wapya miaka 10 ya kupata shahada baada ya kupewa leseni, na wale waliokuwa tayari kazini haikuwagusa. Tazama: jimbo lenye vyuo kila pembe na fedha nyingi liliona miaka 10 kuwa muda wa haki. Sisi, kutoka Babati, ambako kwenda chuo kikuu cha Dodoma au cha Moshi kila upande ni zaidi ya kilomita 200, tunaandika miaka mitatu kwa shahada ambayo yenyewe ni ya miaka minne! Hata kama chuo kitampunguzia muda mwenye stashahada, mwaka wa kwanza utakwisha akitafuta nafasi na kufukuzia matokeo yake ya kidato cha nne.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo la tarehe. Serikali yetu iliamua kwamba kuanzia tarehe 20 Mei 2004 anayeingia katika utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne. Mwaka 2017, wakati wa uhakiki wa vyeti, watumishi wengi wa darasa la saba waliondolewa kazini, wakiwamo walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza walioajiriwa kabla yake warejeshwe. Sharti lenyewe halikuwa baya; kilichowaumiza watu ni kulipeleka nyuma, likawakuta walioingia kwa mlango uliokuwa halali siku ile. Familia nyingi zilikaa miezi bila mshahara kwa ajili ya kosa hilo la kusoma tarehe.

Njia za kusoma mtu akiwa kazini nazo zinajulikana. Kenya mwaka 2005, AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na washirika wengine walianza mafunzo kwa njia ya kompyuta, ili wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 20,000 waweze kupanda hadi stashahada bila kuviacha vituo vyao. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kilipoanza masomo ya uuguzi Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliwapokea wauguzi waliokuwa na kazi, wakawa wanahudhuria darasa siku mbili kwa juma na siku zilizobaki wanarudi wodini. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba haiwezekani.

Basi tukakaa, mimi na Nesi, shangazi akisikiliza huku maharage yake yakiwa yamesahauliwa, tukaandika maoni ya kupelekwa kwa uongozi. Nayaweka hapa, kwani huenda yakamfaa msomaji aliye katika hospitali nyingine, au hata katika kiwanda au shule inayofikiria sharti kama hilo.

Kwanza, sera iseme shahada inatakiwa kwa kazi ipi. Anayesimamia wodi, anayefundisha wanafunzi na anayeangalia wagonjwa mahututi waweza kutangulia. Kusema "kila muuguzi" ni kukwepa kufikiri.

Pili, iwekwe tarehe, na tarehe hiyo itazame mbele. Anayeajiriwa baada yake aingie akijua. Aliyekuwamo kabla yake awe na utaratibu wake mwenyewe, ulioandikwa. Aliyebakiza miaka michache astaafu asisumbuliwe kabisa. Apewe wanafunzi awafundishe.

Tatu, neno "atafikiriwa upya" lifutwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Mtumishi mwenye leseni hai asiachwe akining'inia kwenye neno lisilo na maana. Kama maana yake ni kutopandishwa cheo, liandikwe hivyo. Kama ni kufukuzwa, nalo liandikwe, ili watu wajue wanajibu nini.

Nne, sera ionyeshe ada italipwa na nani na muda utatoka wapi. Mwajiri akilipa nusu, naye mtumishi akaahidi kwa maandishi kurudi na kutumikia miaka kadhaa, hakuna aliyepunjwa. Anayesoma apangiwe zamu zinazojulikana mapema. Huwezi kumpa mtu zamu tatu za usiku mfululizo kisha ukamlaumu kwa kushindwa mtihani.

Tano, wasiondoke wote mara moja. Wodi ipange zamu ya masomo kama inavyopanga zamu ya kazi, wawili leo na wawili mwakani, na pengo la kila anayeondoka lizibwe kabla hajafunga sanduku.

Sita, anayerudi na shahada abadilishiwe cheo na mshahara. Ni aibu kumtuma mtu kisimani kisha ukakataa kumpa kikombe.

Saba, jambo hili lisiamuliwe na ofisi peke yake. Chama cha wafanyakazi, TUGHE mahali kilipo, kiitwe mezani tangu mwanzo, na aliyedhulumiwa awe na mahali pa kukata rufaa.

Hayo ni ya waajiri. Wauguzi nao wana lao la kuambiwa, na Nesi hakuona vibaya nilipomwambia. Wapo wenzake ambao neno "uzoefu" kwao limekuwa mto wa kulalia. Dawa zimebadilika, vipimo vimebadilika, na mgonjwa wa leo haponi kwa mazoea ya mwaka juzi. Aliyekataa kila semina na kila kitabu kwa miaka 15 asijifiche nyuma ya wenzake wanaotaka kusoma ila hawana njia. Naye kijana mwenye shahada aingiapo wodini akumbuke kwamba kumwita mwenzake mwenye stashahada "dada" hakumpunguzii chochote.

Limebaki la nyumbani, na hili ndilo gumu kuliko yote. Wakati wa adhuhuri mume wa Nesi alikuja kumtafuta mkewe, akakuta mjadala. Ni mtu wa maneno machache. Alichukua penseli yake ya useremala iliyokuwa sikioni, akageuza moja ya karatasi zetu, akaandika upande mmoja ada ya binti yao akienda chuo kikuu mwakani, upande wa pili ada ya mama yake. Chini akaandika mapato ya karakana na mshahara wa mkewe. Hakujumlisha. Hapakuwa na haja.

"Mtoto ataomba mkopo wa Bodi," akasema baada ya muda. Kweli, lakini mkopo si ahadi. Na mikopo hiyo imewekwa kwa ajili ya vijana wasio na ajira. Mama mwenye mshahara hawezi kuitegemea. Binti mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba yeye aweza kungoja mwaka mmoja. Mama yake akamgeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona asubuhi yote: "Wewe hungoji kitu. Mimi ndiye niliyezoea kungoja."

Hakuna aliyejibu. Shangazi akajifanya anatafuta ungo.

Ndugu msomaji, nyumba nyingi za wafanyakazi zimewahi kufika penye ukimya kama huo. Sina dawa yake. Naweza kusema mambo mawili tu niliyojifunza siku ile. La kwanza ni kwamba mume aliyeleta penseli alifanya jambo jema kuliko yule asemaye "fanya upendavyo" kisha akanuna. Mke anaporudi shuleni, nyumba nzima inarudi shuleni: nani atapika, nani atamchukua mdogo kutoka kliniki, nani atavumilia taa kuwaka mpaka saa sita za usiku. Mambo hayo yaandikwe pamoja na ada. La pili ni kwamba watoto wasipewe mzigo wa kuamua nani atangulie. Hilo ni la wazazi, na kabla ya wazazi, ni la mwajiri aliyelianzisha. Kama hospitali itakubali hoja ya pili na ya nne pekee, basi binti atakwenda chuo mwakani na mama atamfuata baada ya miaka miwili, bila mmoja kumkanyaga mwenzake.

Jioni Nesi alipita tena akienda zamu, sare imepigwa pasi, maoni yetu yamenakiliwa kwa mwandiko wake mzuri. Alisema ameongeza hoja moja yake mwenyewe: kwamba sera ikipita, katika kila zamu ya usiku ya wodi ya wazazi apangwe mmoja mwenye shahada na mmoja wa miaka mingi, wasitenganishwe. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza. Akacheka, akasema ameshaandika kwa wino.

Uongozi utajibu baada ya mwisho wa mwezi. Jibu likinifikia, nitakujulisheni. Wakati huohuo, kama wewe ni muuguzi, au mume wa muuguzi, au mwajiri aliyewahi kutunga sera ya namna hii ikafaulu au ikashindwa, niandikie unieleze ilikuwaje.

Tukutane Jumapili ijayo.